Kizuri Chajiuza: Historia Fupi ya Mng'aro wa Gari, Kutoka Hokkaido Hadi Tunduma

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukikaa Tunduma wiki moja utaanza kuutilia shaka msemo huo, maana pale vizuri ndivyo vinavyojitembeza. Magari yaliyotumika Japani yanateremshwa bandarini Dar es Salaam, yanapewa dereva, kisha yanapanda kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, zaidi ya kilomita 900, hadi mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia, na mengine huendelea mpaka Kongo. Kwa lugha ya barabarani yanaitwa IT, na sifa zake kila mtu anazijua: mwendo mkali na abiria wa kuokoteza njiani. Yakifika, vumbi la safari linaoshwa na bodi inapigwa kitambaa hadi inawaka.

Kazi hiyo ya ndoo na kitambaa inaonekana ndogo, lakini ina historia ndefu, na ndani yake kuna swali ambalo mnunuzi hulilipia kwa akiba yake yote: huu mng'aro unaahidi nini?

Tuanze na chuma chenyewe. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unakijua chuma tangu zamani. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru zao na kufua majembe kabla ya ukoloni. Na hapo hapo Mbozi kuna kimondo maarufu, tani kadhaa za chuma kutoka angani, kilichoandikwa katika kumbukumbu za kikoloni mwaka 1930. Kimenyeshewa mvua kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu, wala hakijawahi kupakwa rangi, na bado kipo. Kina nikeli, karibu asilimia 9, na inakisaidia kustahimili kutu. Bati la gari halina bahati hiyo. Likiachwa wazi, masika moja tu inatosha kulianzishia kutu. Kwa hiyo rangi ya gari ni ngozi kwanza, urembo baadaye.

Mwanzoni ngozi hiyo ilikuwa shida kuipata. Magari ya mwanzo yalipakwa vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kama magari ya farasi, na kazi ilichukua wiki kadhaa. Ford, kati ya 1914 na 1925, alitoa Model T kwa rangi nyeusi tu, akitumia rangi iliyokaushwa kwa joto ili isicheleweshe kiwanda. Mwaka 1923 kampuni za DuPont na General Motors zikaleta Duco, rangi ya kupuliza iliyokauka haraka na kuwapa watu rangi za kila aina. Kasoro yake ni kwamba ilipauka juani. Ukitaka ing'ae, uisugue. Mwenye gari akajikuta na kazi mpya ya mwisho wa wiki: kupiga polishi, kisha kupaka nta.

Nta nayo ina safari yake. Iliyo ngumu kuliko nyingi hutoka kwenye majani ya mkarnauba, mnazi pori wa kaskazini mashariki ya Brazili, na ndiyo inayotumika pia katika dawa nyingi za viatu. Huku kwetu, nta ya nyuki kutoka misitu ya miombo, hasa Tabora, ilikuwa ikisafirishwa Ulaya tangu enzi ya Wajerumani. Tuliuza nta, kisha makopo ya polishi tukayanunua dukani.

Barabara ya Tunduma yenyewe, wakati huo, haikuwa na nafasi ya urembo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa mafuta. Suluhisho likawa malori kutoka Dar es Salaam, yakipita Tunduma na mapipa ya petroli kwenye njia ya udongo. Masika lilikuwa tope, kiangazi vumbi jekundu. Wageni waliita njia ile Mbio za Jehanamu, na madereva waliokufa humo hawakuwa wachache. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi 1968, lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, mzigo ukapungua makali. Katika miaka ile lori lilisifiwa kwa kufika. Rangi yake, nani aliiangalia?

Mambo yakageuka baada ya bajeti ya 1984, iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata. Mzee Mwinyi akaingia mwaka uliofuata, ruksa ikawa ruksa kweli, na magari ya mtumba yakaanza kumiminika. Japani ilifaa kwa sababu mbili. Usukani wao uko kulia kama wetu, na ukaguzi wao wa lazima, uitwao shaken, una gharama inayowafanya wenye magari kuyaacha mapema.

Lakini Japani ina majira ya baridi. Hokkaido na mikoa mingine ya theluji humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na matairi hadi chini ya gari, ikajificha kwenye chesesi na kingo za milango. Ndiyo maana mnada wa Kijapani una karatasi yenye herufi za siri kwa asiyejua: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, na S ni sabi, yaani kutu. Karatasi hiyo mara nyingi haimfikii mnunuzi wa mwisho. Kinachomfikia ni bodi inayong'aa. Wahenga walishaonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nisieleweke vibaya. Polishi siyo uongo, na gari linastahili kutunzwa. Nyanda za Songwe mvua huanza Novemba na kukoma karibu na Mei. Kisha huja kipupwe, usiku wa baridi kali na mchana wa jua na vumbi. Mei ndiyo wakati wa kulihudumia gari. Lioshe kivulini, kuanzia juu kwenda chini, maji mengi kwanza ili mchanga usigeuke msasa. Sabuni ya unga iache kwa ajili ya nguo, kwani inaondoa nta. Kama rangi imefubaa, polishi laini itaurudisha mng'ao, ila kumbuka inafanya hivyo kwa kukwangua. Tangu miaka ya 1980 magari mengi yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, na unene wake haufiki unywele. Kila polishi inapunguza kidogo. Klia ikishabanduka hakuna kopo litakalosaidia. Hapo ni msasa, undakoti na kupuliza upya. Nta yenyewe ipake nyembamba, ngoja ipate ukungu, futa kwa kitambaa laini. Utaona matone ya maji yakiviringika, badala ya kutandaa.

Sasa tofauti iko hapa. Anayepaka nta gari lake anailinda ngozi. Anayesugua gari la kuuza anaweza kuwa anaimaliza ile ngozi ili ipendeze siku moja, ya mauzo. Macho hayatofautishi hizo kazi mbili. Kijana mwenye ndoo hana kosa, yeye analipwa aoshe. Anayebaki na hasara ni mwalimu au mkulima wa kahawa aliyelipia weupe wa bodi, halafu masika ya pili jeki inatoboa sakafu.

Kwa hiyo ukienda kununua, sifia rangi kwa heshima, kisha omba tochi, kunja suruali na ulale chini uangalie chesesi.