Askari Asiye na Jamaa Mjini

Fikiri, ewe msomaji, juu ya kijana wa milima ya Nepal, nchi isiyopakana na bahari yoyote, anayepelekwa kulinda mji wa bandari ulio karibu na ikweta. Hana mjomba wala shangazi katika mtaa wowote wa mji huo. Labda wadhani huo ni upungufu. Kumbe ndiyo sifa aliyotafutiwa.

Mji wenyewe ni Singapore. Waingereza walianza kuwaandika Wagurkha jeshini mwaka 1815, hali wangali wakipigana nao vitani. India ilipopata uhuru mwaka 1947, rejimenti 10 za Wagurkha ziligawanywa, 6 zikabaki India na 4 zikaenda Uingereza. (Wazee wetu wa K.A.R. waliopigana Burma mwaka 1944 walikuwa katika vita vilevile pamoja na Wagurkha.) Masingasinga waliokuwa katika polisi ya Singapore wakaondolewa, na tarehe 9 Aprili 1949 pakaundwa kikosi cha polisi cha Wagurkha, nacho kingaliko hata leo.

Kuingia humo si jambo jepesi. Zamani askari wastaafu walipita kijiji hadi kijiji wakichagua vijana. Siku hizi vijana wenyewe huenda mji wa Pokhara, nao ni maelfu kwa nafasi chache mno. Hupimwa macho, meno na kifua, hufanya mtihani wa Kiingereza na hesabu. Jaribio mashuhuri kupita yote ni la doko, yaani kikapu ambacho ukanda wake hupitishwa kichwani, kama mama wa Kikuyu abebavyo kuni. Kwa miaka mingi kijana alitiwa kilo 25 kikapuni, akapanda mlima mbio karibu kilomita 5, chini ya saa moja. Anayeshindwa hurudi nyumbani, na pengine baba yake alikwisha kukopa fedha za kumtayarisha.

Akifaulu, mafunzo ya Singapore humgeuza. Askari wa vita hufundishwa kumwangamiza adui. Askari polisi hana budi kujifunza sheria, na kusimama kimya mbele ya umati unaomtukana.

Haja yake ilionekana Desemba 1950. Mahakama iliamuru binti wa Kiholanzi aliyelelewa na Wamalay arudishwe kwa wazazi wake. Ghasia zikazuka, watu 18 wakafa, na askari polisi wengi wa Kimalay wakasita kuwakabili ndugu zao. Mwaka 1964 Wachina na Wamalay wakapigana wao kwa wao. Baada ya uhuru wa mwaka 1965, Waziri Mkuu Lee Kuan Yew aliwaweka Wagurkha kuilinda nyumba yake, kwa hoja kwamba Mchina akimpiga risasi Mmalay, au Mmalay akimpiga Mchina, moto ungewaka mji mzima. Mgurkha hakuwa wa upande wowote.

Lakini ugeni huo una bei, nami naona ni bei kali. Mgurkha hakuruhusiwa kuoa mwanamke wa Singapore. Anapostaafu, aghalabu akiwa na miaka 45, hutakiwa kuondoka pamoja na mkewe na watoto. Mtoto aliyezaliwa Singapore, akasoma shule za huko na kupata marafiki huko, hufunga vitabu vyake na kupanda ndege kwenda Nepal, nchi ambayo pengine ameiona wakati wa likizo tu.