Wimbo wa kumlaza Tony

Tunaendelea na mfululizo wetu wa nyimbo za kubembeleza watoto. Mwenzenu ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku, mkiona nimekosea herufi mnisamehe.

Leo tupo Marekani. Kuna baba anaitwa Merv Griffin, mzaliwa wa California, 1925. Alianza kama mwimbaji wa bendi, akawa mtangazaji wa televisheni, halafu akaanza kubuni michezo ya maswali na zawadi.

Mwaka 1963 yuko kwenye ndege na mkewe, Julann. Analalamika kwamba michezo ya maswali haiaminiki tena, maana miaka michache nyuma iligundulika baadhi ya washindani walikuwa wanapewa majibu kwa siri. Kashfa ilifika mpaka bungeni. Julann akamwambia, basi wewe wape majibu waziwazi, wao watafute swali! Akamtupia moja: 5,280. Swali lake: maili moja ina futi ngapi?

Hivyo ndivyo Jeopardy! ilivyozaliwa. Ilianza kurushwa NBC tarehe 30 Machi 1964. Merv mwenyewe alikuwa akikiri kuwa wazo lilikuwa la mkewe, ila jina linaloandikwa kama mbunifu ni la Merv. Hilo nawaachia nyinyi, mama zangu.

Sasa wimbo. Walikuwa na mtoto mmoja, Tony, wa 1959, na Merv alimtungia wimbo wa kumlaza. Mchezo ulipohitaji muziki wa sekunde 30 wakati washindani wanaandika jibu la mwisho, akauchukua uleule wa Tony. Yaani wimbo wa kitandani! Miaka mingi baadaye alisema umemwingizia zaidi ya dola milioni 70.

Hata Wheel of Fortune ya 1975 ilitoka nyumbani. Utotoni, wakiwa safarini kwenye gari, yeye na dada yake walicheza ule mchezo wa kukisia herufi za neno lililofichwa. Akaongeza gurudumu la kuzungusha, basi.

Ndoa yake na Julann ilivunjika 1976. Mwaka 1986 aliiuza kampuni yake kwa Coca-Cola kwa dola milioni 250.

Hapa naomba nivae sare yangu kidogo. Merv alifariki Agosti 12, 2007, akiwa na miaka 82, kwa saratani ya tezi dume. Alishatibiwa miaka ya 1990, ikarudi. Saratani hii mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Baba anakula vizuri, anafanya kazi, anacheka na watoto. Ndiyo maana tunawaambia waliofika miaka 50 waje waulize kuhusu vipimo, na kama baba yake au kaka yake aliugua, waje mapema zaidi.

Baba watoto wangu ana 51. Nimeshamwambia mara tatu. Kila nikianza, anachukua rimoti na kuongeza sauti.