Tajriba njema za utotoni

Tajriba njema za utotoni ni mambo ya kheri anayoyapitia mtoto kabla ya kutimiza miaka 18, kama vile kusikilizwa nyumbani, kulindwa, kuwa na marafiki na kushiriki shughuli za jamii, ambayo watafiti huyahusisha na afya njema ya akili ukubwani. Huhesabiwa kando na madhila ya utotoni (ukatili, kutelekezwa, vurugu za nyumbani), kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuwa na baba mlevi anayepiga, na papo hapo akawa na bibi anayemfungulia mlango usiku wowote.

Chimbuko

Kwa muda mrefu yalihesabiwa mabaya tu. Katika miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti wa San Diego, California, alishangaa kuona wagonjwa wa kliniki yake ya unene uliokithiri wakiacha matibabu hali uzito wao unapungua vizuri. Alipowahoji alikuta wengi walidhulumiwa kingono utotoni. Yeye na mtafiti mwenzake Robert Anda walichapisha utafiti wao mwaka 1998: waliopitia aina nne au zaidi za madhila walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja. Utafiti huo ulipata umaarufu mkubwa, na kivuli chake kikafunika swali la pili: vipi wale walioteswa wakakua salama?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Watafiti Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Karibu theluthi yao walizaliwa katika umaskini na familia zenye misukosuko, na kati ya hao mmoja katika kila watatu hivi alikua mtu mzima mwenye kujiweza na kujali wenzake. Wengi wa waliofaulu walikuwa na mtu wa kumwegemea nje ya wazazi, kama babu, shangazi, mwalimu au jirani.

Utafiti wa Wisconsin

Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Christina Bethell na wenzake, akiwemo daktari wa watoto Robert Sege, uliochapishwa mwaka 2019. Ulitumia majibu ya watu wazima 6,188 wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliohojiwa mwaka 2015. Waliulizwa mambo saba ya utoto wao: kama waliweza kuzungumza na familia juu ya hisia zao, kama familia ilisimama nao wakati wa shida, kama walifurahia mila na sherehe za jamii yao, kama walijiona ni wa shule yao ya sekondari, kama marafiki waliwaunga mkono, kama walikuwa na watu wazima wawili au zaidi, wasio wazazi, waliowajali kwa dhati, na kama mtu mzima wa nyumbani aliwafanya wajisikie salama.

Kati ya waliokuwa na mambo yasiyozidi mawili, asilimia 48.2 walikuwa na sonona au afya dhaifu ya akili. Kwa waliokuwa na matatu hadi matano ilikuwa asilimia 25.1, na kwa wenye sita au yote saba asilimia 12.6 tu. Uhusiano huo ulibaki hata baada ya kuzingatia madhila, na hapo ndipo uzito wa utafiti ulipo: mema si kukosekana kwa mabaya. Inafaa kuangalia pia kwamba hakuna swali hata moja kati ya yale saba lililohusu fedha.

Vipimo vingine

Angela Narayan na wenzake walitoa mwaka 2018 kipimo cha maswali kumi, walichokijaribu kwa wajawazito 101 wa San Francisco. Kinauliza hata juu ya majirani wema na saa za kula na kulala zisizobadilika-badilika.

Namna yanavyofanya kazi

Maelezo ya kawaida ni kwamba mlezi anayetegemewa hutuliza homoni za msongo kabla hazijaudhuru ubongo unaokua.

Mipaka

Majibu hutegemea kumbukumbu. Mtu aliye katika sonona huelekea kukumbuka giza, hivyo haijulikani vyema ni kipi kilichotangulia kipi. Swali la sekondari liliwaacha nje wasiosoma shule.

Afrika Mashariki

Eneo hili lina mchango mkubwa kuliko unavyotajwa. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama wa Kiganda vijijini karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, kwa saa mbili hivi kila mara. Aliandika jinsi mtoto anavyotambaa mbali na mama, akageuka kumtazama, kisha akaendelea na mchezo. Mambo hayo yakawa msingi wa nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi, iliyokamilishwa baadaye kwa watoto wa Baltimore, ambao ndio walioingia katika vitabu vingi vya kiada. Aidha, maswali ya Wisconsin kwa sehemu yalitokana na hojaji ya ustahimilivu ya Michael Ungar wa Kanada, iliyotungwa kwa kushirikisha vijana wa nchi 11, Tanzania ikiwa mojawapo.

Watu wazima wasio wazazi hawajawahi kuadimika huku: shangazi, mjomba, somo, ustadhi wa madrasa. Takwimu za eneo hili, hata hivyo, zimejaa mabaya. Utafiti wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Desemba 2021 Tanzania ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayohusu watoto hadi miaka minane. Marafiki na shule ya sekondari, ambavyo watafiti wa Wisconsin waliviulizia, vinaangukia baada ya umri huo.