Kwa nini JPEG haielewani na maandishi

Kazi ya uandishi wa habari siku hizi ni nusu kusoma picha. Hukumu ya mahakama, risiti, ukurasa wa mkataba, barua ya kumfukuza mtu kazi, vyote hivi vinaletwa vikiwa vimepigwa picha kwa simu. Ajabu ni kwamba picha hiyo hiyo inaweza kuonyesha sura ya mtu vizuri kabisa, lakini tarakimu zilizo pembeni zimezungukwa na vidoadoa. Unakodoa macho: hii ni 3 au 8? Milioni tatu au milioni nane? Nimefuatilia historia ya jambo hili na nimegundua kuwa halikutokea kwa bahati mbaya. Kuna watu walikaa wakakubaliana.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kansas State huko Marekani, aliomba fedha za utafiti kutoka National Science Foundation. Wazo lake lilikuwa kuieleza picha kwa mawimbi ya kosaini badala ya nukta moja moja. Akanyimwa. Mwenyewe alikuja kusimulia kuwa mmoja wa waliopitia maombi yake aliona wazo lote ni rahisi mno. Hakuacha. Januari 1974 yeye na wenzake, T. Natarajan na K. R. Rao, wakalichapisha.

Mwaka 1986 ikaundwa kamati ya kimataifa ya wataalamu wa picha, ambayo jina lake kwa kifupi ni JPEG. Baada ya kushindanisha mapendekezo mbalimbali, wakachagua hesabu ya Ahmed iwe moyo wa mfumo wao, na mwaka 1992 kiwango kikapitishwa.

Sasa, mfumo unafanyaje kazi? Picha inakatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kila mraba unaelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi, mengine ya polepole, mengine ya haraka. Ya polepole yanabeba vitu vinavyobadilika taratibu, kama anga au shavu la mtu. Ya haraka yanabeba mabadiliko ya ghafla. Kwa kuwa jicho halioni sana upungufu wa yale ya haraka, hayo ndiyo yanayopunguzwa zaidi ili faili liwe dogo. Rangi nazo mara nyingi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga, kwa sababu jicho letu ni hodari zaidi wa kuona mwanga.

Kwa picha ya minazi ya Bagamoyo, huwezi kulalamika. Lakini herufi ni nini? Ni weusi unaokutana na weupe ghafla, bila kupita katikati. Yaani herufi inaishi kwa yale mawimbi ya haraka. Ukiyaondoa, ukingo wake unamwagika ndani ya mraba mzima, na hapo ndipo vidoadoa vinapozaliwa. Mhuri mwekundu huumia zaidi, maana unapoteza na rangi. Na kila ukihariri picha na kuihifadhi upya kwa kuibana, unapoteza tena.

Dawa zilitafutwa. Muundo wa GIF, ulioletwa na CompuServe mwaka 1987, ulihifadhi kingo kali lakini kwa rangi 256 tu. Mwishoni mwa 1994 ulipozuka mgogoro wa hataza juu yake, watu wakatengeneza PNG, iliyokamilika Oktoba 1996, ambayo inabana faili bila kupoteza hata pikseli moja. Miaka hiyo hiyo ya tisini watafiti wa AT&T wakabuni DjVu, inayotenganisha maandishi na karatasi: maandishi yanatunzwa kwa makini, karatasi inabanwa sana.

Lakini maandishi kuonekana makali si ushahidi kuwa ni ya kweli. Agosti 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Katika ramani ya nyumba, chumba cha mita za mraba 21.11 kilitoka kikisomeka 14.13. Chanzo kilikuwa mfumo mwingine, JBIG2, ambao huweza kutumia umbo moja kwa herufi zinazofanana. Tarakimu zilikuwa safi, zimenyooka, na za uongo. Xerox ikalazimika kutoa marekebisho ya programu.

Ndiyo maana mimi namwogopa JBIG2 kuliko JPEG. Ukungu wa JPEG angalau unakwambia kuna kitu kimepotea, nawe unarudi kuuliza.

Basi, ukipiga picha ya waraka, sogea karibu herufi zijaze fremu. Ukihifadhi kwa JPEG, chagua ubora wa juu. Picha ya skrini yenye maandishi iache katika PNG, ila usitegemee kuwa kuigeuza JPEG iliyokwisha kuharibika kuwa PNG kutarudisha kilichopotea. Kwenye WhatsApp itume kama waraka, si kama picha. Na kabla hujafuta picha ya asili ili simu ipate nafasi, angalia kwanza kama ina maandishi. Siku mtu akibisha juu ya ile 3 au 8, utaihitaji.