Ndege wa Base ambao hawajaandikwa

Mtu akisema «ndege» hapa Base ya Kamina, wengi wetu tunainua macho kutafuta ndege ya chuma. Si ajabu. Wabelgiji walijenga Base kiisha vita ya pili ya dunia, na toka mwaka 1953 vijana wao walikuja kujifunza urubani hapa juu ya Harvard. Mwaka 1960 ONU ikaishika. Tarehe 24 Novemba 1964, parakomando wa Kibelgiji walitoka hapa alfajiri kwenda kushuka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Hayo yote yako katika vitabu.

Lakini kuko ndege wengine, wale wadogo wa manjano, kichwa cheusi na macho mekundu, wanaopiga kelele toka asubuhi juu ya miti ya ngazi na miembe. Kiswahili cha vitabu kinawaita kwera. Wataalamu wanamwita huyu wa kwetu Ploceus cucullatus. Anapenda kukaa karibu na nyumba za watu: penye kijiji, mara nyingi na yeye yupo. Basi historia yake na yetu zinakwenda pamoja.

Tuangalie kazi yake. Mvua ikianza, dume anatafuta jani refu la matete ao la ngazi. Anauma ukingo wa jani, kiisha anaruka akiwa ameshika kile kipande mdomoni, na jani linapasuka kama uzi. Uzi ule anaufunga pa tawi, anaongeza mwingine, mpaka anapata duara kama pete. Anasimama ndani ya pete, akielekea upande ule ule siku zote, na pale mdomo wake unapofika ndipo ukuta unapokuwa. Upande mmoja anafanya chumba cha mayai, upande wa pili kibaraza, na mlango anauelekeza chini, sababu nyoka asipate njia rahisi.

Sasa dume ananing'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa, anaita. Jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi kuona kama zina nguvu. Akikubali, analeta majani laini ya kutandika ndani. Akikataa, na kiota kikianza kukauka na kupoteza rangi ya kijani, dume mwenyewe anakibomoa na kuanza kingine. Hana hasira, hana aibu. Sisi walimu tungependa wanafunzi wetu waone jambo hili pale wanapokataa kuandika kazi mara ya pili!

Wengine wanasema: ni silika tu, ndege anazaliwa akijua. Si hivyo kabisa. Wamarekani wawili, bwana Nicholas Collias na bibi yake Elsie, walilea madume wadogo bila kuwapa majani mabichi ya kuchezea. Mwaka 1964 walieleza waliyoyaona: walipokuja kupewa majani, wale vijana walisuka vibaya sana, mpaka wakazoea pole pole. Hamu ya kusuka wanazaliwa nayo, lakini ufundi unatoka kwa mazoezi. Hata Wakuba wa Kasaï, ambako kusuka nguo ya rafia ni kazi ya wanaume, hakuna aliyezaliwa fundi.

Na vitabu? Mmarekani James Chapin aliandika juu ya ndege wa Kongo vitabu vinne, toka 1932 mpaka 1954. Mwaka 1953 Verheyen alieleza mfumaji mmoja kutoka Upemba, jirani yetu, akamwita upembae. Mwaka 1960, mwaka ule ule wa uhuru, Jean-Claude Ruwet alipata mfumaji mwingine kwenye ziwa Tshangalele, upande wa Likasi. Yule hakupewa jina la kitaalamu mpaka 1982, akaitwa ruweti. Habari kwamba ameonekana tena zilichapishwa 2009. Karibu miaka makumi tano! Kumbe ndege hakuwa amepotea. Ni kalamu iliyokosa kufika pale alipo.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Tuliuliza darasani jina la huyu wa manjano kwa Kiluba. Wengi walijibu: «Ni ndege tu.» Mmoja alisema atamuuliza nyanya yake, na wenzake wakacheka. Tusicheke. Mataifa ya mbali yameandika majina yao juu ya ndege wetu. Sisi tunaacha majina ya wazee wetu yaende nao kaburini. Na miti yenye viota tunaikata kwa kuchoma makala, watoto nao wanaviangusha kwa manati. Ni kweli, ndege hawa wanakula mahindi na mtama, na mkulima ana haki ya kulinda shamba. Lakini kulinda shamba ni kitu kimoja, kukata mti wakati wa makinda ni kingine.

Basi tunaomba kila msomaji jambo dogo. Jioni hii, keti karibu na mzee wa kwenu, umwonyeshe ndege mmoja juu ya mti, uandike jina atakalolitaja, pamoja na kijiji chake. Uzi mmoja haufanyi kiota. Lakini kila kiota kilianza na uzi mmoja uliofungwa vizuri.