Reinata Sadimba: Mfinyanzi Aliyeupa Mtungi Sura ya Binadamu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni: anayewatengenezea wengine vyombo vizuri, mwenyewe hubaki na kigae. Katika vijiji vya Dodoma na nyanda za kati, ambako wanawake wamefinyanga mitungi na vyungu kwa vizazi vingi, methali hiyo ina uzito wake, kwa kuwa kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya jikoni na mara chache huitwa sanaa. Maisha ya Bi. Reinata Sadimba, aliyeishi nchini Tanzania kwa takribani miaka 12, yanaonesha kuwa mgawanyo huo si wa lazima.

Bi. Reinata alizaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Yeye ni Mmakonde, wa jamii inayoishi pande zote mbili za Mto Ruvuma. Kwa mila ya jamii hiyo, kuchonga mti kulikuwa kazi ya wanaume na kufinyanga udongo kazi ya wanawake. Akiwa msichana alifundishwa ufinyanzi, na baadaye alishiriki katika harakati za ukombozi chini ya FRELIMO, chama kilichoasisiwa jijini Dar es Salaam mwaka 1962.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Ni katika kipindi hicho ambapo kazi zake zilianza kubadilika. Mitungi ikaota vichwa, mikono na matiti. Vyungu vikawa akina mama waliobeba watoto. Nyuso za sanamu hizo zina chale za Kimakonde, na nyingine zina ndonya mdomoni. Hufinyanga kwa mkono, na mara nyingi hupamba udongo uliochomwa kwa mistari myeusi ya grafiti. Ukoo wa Kimakonde, ambao huhesabiwa upande wa mama, ndio kiini cha kazi zake.

Mwaka 1980, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea nchini mwake, alihamia Tanzania na kuishi hadi mwaka 1992, mwaka ambao Mkataba wa Amani wa Msumbiji ulitiwa saini jijini Roma. Aliporejea alifanyia kazi zake katika Makumbusho ya Historia ya Asili jijini Maputo. Sanamu zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Msumbiji na ya Ureno.

Bi. Reinata hakuacha udongo ili ahesabiwe msanii. Alibaki na malighafi ileile aliyorithi kwa wanawake waliomtangulia, akaifanya iseme habari za watu.

Hapa nchini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, zikiwemo sanamu na kazi za mikono, tangu zinapobuniwa. Kwa sanamu, ulinzi huo hudumu katika uhai wa mbunifu na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo, mama anayefinyanga umbo la ubunifu wake mwenyewe kijijini ana haki sawa na mchongaji mwenye jina mjini. Akiitambua haki hiyo na kuidai, hatakuwa na sababu ya kuendelea kulia gaeni.