Sababu za Kifo katika Vitabu vya Zamani

Mwaka 1614 Kanisa liliagiza kila paroko atunze kitabu cha marehemu. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yadumisha wajibu huo hata leo.

Mjini London, katika karne ya 17, makarani wa parokia walitangaza kila wiki idadi ya waliofariki na sababu za vifo vyao. Waliokagua maiti hawakuwa waganga, bali wanawake wazee. Hivyo twasoma kwamba watoto wengi waliuawa na “meno”, na wengine “walipigwa na sayari”.

Tusiwacheke. Kwetu, mtoto mwenye homa na kuhara husemwa ana meno ya plastiki, akang’olewa fizi badala ya kutibiwa. Degedege la malaria hudhaniwa kuwa pepo. Mbaya zaidi, Shinyanga na Geita vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu, ambayo mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni.

Sababu ya kifo ikisingiziwa, huzaa kifo kingine. Basi tumpeleke mgonjwa zahanati mapema, na msibani tumwombee marehemu pasipo kumnyooshea jirani kidole.